UZI: Kamera ya monokromu au ya rangi kwa picha nyeusi na nyeupe? Nimetembea na zote mbili Unguja wiki tano

Mwenye uzi (Mjini, Unguja)

Assalaam aleikum wadau.

Suali hili naulizwa kila mara na vijana wanaopenda picha nyeusi na nyeupe: ninunue kamera ya monokromu, ile isiyoona rangi kabisa, au nibaki na ya rangi kisha rangi niitoe kwenye kompyuta? Ndugu yangu anayeishi ng'ambo alipokuja kufunga Ramadhani nyumbani alikuja na Pentax K-3 Mark III Monochrome, akaniachia niitumie mpaka anaondoka. Wiki tano nilitoka na kamera mbili begani, hiyo na Fujifilm X-T3 yangu. Zote ni za megapikseli 26 hivi na sensa zake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, zina ukubwa mmoja, kwa hiyo hakuna iliyoonewa.

Nianze na picha moja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niuandike uzi huu.

Baada ya Idd tulikuwa na harusi. Bibi yangu mzaa mama alikaa barazani, amejifunga kisutu, viganja na ncha za vidole vimekolea hina. Jua lilikuwa limeshapita juu ya uchochoro, mwanga unaoingia ni ule laini unaogonga ukuta wa chokaa wa upande wa pili. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, tulia hivyo hivyo." Nikampiga kwa Pentax.

Nilipoitazama kwenye skrini, kisutu kilikuwa kimekufa. Mnajua kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Vidoa vyeupe vilibaki, lakini nyekundu ilitoka kijivu kizito, nayo kivulini pale ikaungana na nyeusi yake mpaka pindo na mji vikawa kitu kimoja. Mama yeyote wa hapa angeuliza hiyo ni kanga gani. Hina, kwa upande wake, ilitoka vizuri sana, imekoza juu ya kiganja.

Nikafunga filta nyekundu mbele ya lenzi. Sasa kisutu kikafunguka: nyekundu ikawa kijivu chepesi, nyeusi ikabaki nyeusi, ua likasomeka mpaka mshono. Lakini hina ikafutika! Filta nyekundu huing'arisha kila chenye wekundu ndani yake, na hina ni wekundu mtupu. Viganja vikawa vitupu kama vya mtu aliyetoka kuosha vyombo. Uso nao ukapauka kama umepakwa poda, midomo ikapotea. Juu ya hayo filta ile hula stopu 3 za mwanga (kila stopu inaukata mwanga nusu), yaani unabakiwa na sehemu moja ya nane, shata, lile pazia la kamera, ikawa nzito kufunga na bibi kageuza kichwa kumwitikia mtu. Picha imetikisika.

Kwa Fuji nilipiga mara moja tu. Usiku kwenye kompyuta nikaipandisha nyekundu, kisutu kikafunguka. Halafu nikachukua brashi, nikavipitia viganja peke yake na kuishusha nyekundu hapo tu, hina ikarudi. Uso sikuugusa. Kwenye kanga nilitaka nyekundu ing'ae, kwenye kiganja nilitaka nyekundu hiyo hiyo ikoze, na filta ya kioo haiwezi kukupa yote mawili ndani ya fremu moja, maana inaihukumu picha nzima kwa pamoja.

Sasa nieleze kwa nini iko hivyo, maana wengi wanadhani monokromu ni kamera ya kawaida iliyozimwa rangi. Sivyo. Sensa yenyewe haijui rangi, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inahesabu mwanga tu. Ili kamera ione rangi, juu ya kila pikseli huwekwa kifuniko kidogo cha rangi. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ilitolewa 1976: nusu ya pikseli ni za kijani, robo nyekundu, robo buluu. Fuji yangu ina mpangilio wake mwingine lakini kazi ni ile ile. Kila pikseli inapima rangi moja, mbili zilizobaki kamera inazikisia kwa kuwatazama majirani zake.

Monokromu haina vifuniko hivyo. Kwanza, hakuna kukisia, kila pikseli inasema ilichokiona yenyewe. Pili, mwanga ambao vifuniko vingeumeza unaingia. Ndiyo maana K-3 III ya rangi inaanzia ISO 100 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyohisi mwanga) na ya monokromu inaanzia 200. Leica walifanya vivyo hivyo: M9 yao ya rangi ilianzia 160, na M Monochrom yao ya kwanza, ya 2012 na megapikseli 18, ikaanzia 320. Kodak walishatengeneza za namna hii kabla yao, lakini Leica ndio waliozifanya zijulikane.

Faida hiyo niliiona kwa macho usiku Jaws Corner baada ya tarawehe. Mnakujua pale: wazee, kahawa, mabao, na taa za manjano zilizotundikwa juu. Nilipandisha ISO 12800 kwenye kamera zote mbili. Picha za Fuji nilipozitoa rangi zilikuwa na chenga, zile punje punje zinazochafua picha ya mwanga mdogo, za mabaka mabaka kwenye vivuli, hasa kwenye kofia na kuta. Mwanga wa taa za manjano una buluu kidogo mno, kwa hiyo kamera ya rangi huikuza buluu hiyo haba ili kusawazisha, na chenga zake zinakuzwa nayo. Monokromu haina habari na manjano wala buluu. Kwake mwanga ni mwanga. Chenga zilikuwapo, lakini ndogo, za sawasawa, kama za filamu. Mvuke unaopanda kutoka kwenye kikombe ulionekana mpaka unapopotea gizani. Ile picha naipenda kuliko zote nilizopiga mwezi ule na kwa Fuji nisingeipata.

Basi asubuhi ya Idd nikaenda na monokromu kwa furaha kubwa, na nikaumia. Jua la saa mbili na nusu, wanaume na watoto wanatoka msikitini, kanzu nyeupe mwanzo wa njia mpaka mwisho. Nusu ya fremu zangu kanzu ziliungua: nyeupe tupu, hakuna mkunjo, hakuna darizi kifuani. Kwenye kamera ya rangi, pikseli za kijani zikijaa, mara nyingi za nyekundu au buluu bado zina nafasi, na programu inaweza kuutumia ushahidi huo kurudisha mkunjo wa kanzu. Kwenye monokromu pikseli zote zinajaa kwa pamoja. Kikiungua kimeungua. Siku ya pili nilijifunza kushusha stopu moja, wakati mwingine moja na nusu, na kuvinyanyua vivuli baadaye. Faili zake zinavumilia kunyanyuliwa vivuli kwa kiasi kilichonishangaza. Ila ile asubuhi ya kwanza ya Idd hairudi.

Baharini, Nungwi, mambo yakageuka tena. Ngalawa yenye tanga jeupe, mbingu buluu, maji yale ya kijani-buluu. Kwa Fuji niliishusha buluu ili mbingu iwe nzito, nikapata chenga mbinguni na mstari mweupe umelizunguka tanga kama uzi wa taa. Kwa monokromu yenye filta ya chungwa, mbingu ilishuka safi, laini, bila mstari wowote, kwa sababu kazi ilifanyika kwenye mwanga wenyewe kabla haujafika kwenye sensa.

Rai yangu: kwa anayepiga watu wa hapa, nguo za hapa, harusi na barazani, kamera ya rangi ndiyo ya kwanza. Kanga zetu, ngozi zetu, hina, vyote vinategemea uwezo wa kuamua kila rangi iwe kijivu kipi. Anayeishi usiku na vichochoroni, na anayepiga bahari na majengo, monokromu itampa kitu ambacho hakipati kwingine. Karibuni.

---

Mdau (Mwanakwerekwe)

Waalaykum salaam. Mimi riziki yangu ni harusi. Naweza kuingia nayo kazini?

Mwenye uzi

Hapana, sheikh. Bibi harusi ametumia miezi kuchagua rangi ya nguo na mapambo ya ukumbi, huwezi kumpelekea albamu ambayo rangi hizo hazikuwahi kurekodiwa. Faili ya monokromu hairudi kuwa ya rangi kwa njia yoyote. Piga kwa rangi, kisha mchagulie fremu kumi nzuri umpe nyeusi na nyeupe kama zawadi. Hizo ndizo anazozitundika ukutani.

---

Mdau (Kikwajuni)

Yakhe, umeionea. Mimi nina Leica ya monokromu, niliinunua mkono wa pili, mwaka wa tatu sasa. Kosa la kisutu ni la filta, si la kamera. Filta nyekundu si ya watu, ni ya mbingu. Ungefunga ya chungwa au ya njano-kijani ungepata kisutu na hina kwa pamoja. Halafu umepita haraka kwenye jambo kubwa: ukuta wa chokaa, mlango wa mninga wenye nakshi, mkeka wa ukili. Chapisha kwa upana wa mita moja uone monokromu inavyousoma kila uzi wa ukili. Kamera ya rangi kwenye mkeka inaleta mawimbi ya rangi ambayo hayapo. Na la mwisho: ukiwa na kamera isiyoona rangi, unaacha kuiwinda rangi. Macho yanaanza kutazama kivuli. Hilo kompyuta haikufunzi.

Mwenye uzi

Nimekusoma mara mbili, na mengi nakubali. Mkeka umesema kweli tupu. Nilimpiga mama mmoja anasuka ukili Jambiani, na kwenye Fuji nikipunguza picha nayaona hayo mawimbi, kwenye Pentax ukili ni ukili.

Filta ya chungwa niliijaribu kesho yake kwa kisutu kile kile, nimekitandika barazani na mkono wa dada yangu mwenye hina juu yake. Matokeo ni nusu kwa nusu: kisutu kinasomeka lakini hakijafunguka, hina inaonekana lakini imefifia. Ni suluhu ya mtu aliyegawana hasara. Nayo inakula stopu 2 hivi, kwa hiyo kivulini ule ubora wa mwanga uliokuwa nao umeshaurudisha na kuzidisha. Ya njano-kijani sina, wala dukani hapa sijaiona, naamini unayosema kuhusu ngozi maana wapiga picha za watu wameitumia miaka mingi.

Kuhusu macho, hapo nina la kuongeza. Pentax ile unachungulia kwa kioo, unaiona dunia kwa rangi zake zote, na Leica yako ya M nayo ni hivyo hivyo, dirisha lake ni la kioo. Fuji yangu nikiiweka kwenye Acros, mtindo wake wa nyeusi na nyeupe, dirishani naona nyeusi na nyeupe kabla sijabonyeza. Na nikiibadilisha kwenye Acros ya filta nyekundu au ya kijani, kisutu kinabadilika mbele ya jicho langu. Kilichonifunza kuona kijivu ni hicho, mwaka mzima kabla sijaishika monokromu. Sikatai kwamba wewe umefunzwa na yako.

Mdau (Kikwajuni)

Hiyo ya dirisha sikuwahi kuifikiria. Nitakuazima njano-kijani yangu, njoo uichukue.

---

Mdau (Wete, Pemba)

Mie nataka kupiga msimu wa karafuu, kuanzia kuchuma mpaka kuanika. Nina pesa ya kamera moja ya wastani. Ipi?

Mwenye uzi

Ya rangi, wala usisite. Fikiria jamvi lililoanikwa siku mbili: kuna zilizo kijani bado, kuna zenye wekundu wa mbichi iliyokomaa, kuna zilizoanza kugeuka kahawia. Kwa jicho ni vitu vitatu. Kijani na wekundu vinaweza kutoka kijivu kile kile kabisa, na jamvi lako likawa changarawe. Kwa kamera ya rangi unainyanyua kijani kidogo, wekundu unaushusha, na mtu anayejua karafuu akiitazama picha anajua zimebaki siku ngapi juani.

Ninalokuomba uzingatie ni chini ya mkarafuu wakati wa kuchuma. Mwanga pale unapita kwenye majani, unakuja wa kijani, na uso wa mchumaji unatoka mzito. Usiongeze mwanga wa picha nzima, utaunguza vipande vya mbingu kati ya majani. Pandisha chungwa baadaye. Ngozi zetu zinaakisi nyekundu na chungwa zaidi kuliko kijani na buluu, kwa hiyo ukipandisha chungwa uso unafunguka wenyewe na majani yanabaki yalipo.

---

Mdau (Shangani)

Mbona wapiga picha wa zamani hawakuwa na haya yote na picha zao bado zinatuliza roho? Nenda Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, utazame zile za Ranchhod Oza.

Mwenye uzi

Nimesimama mbele ya zile picha mara nyingi. Alifungua 1930, na mtu anayetaka kujua mji huu ulivyokuwa hana budi kupita pale. Lakini nao walikuwa na haya haya, tena magumu zaidi. Kabla yake, karne ya 19, mabamba ya picha, vile vioo vilivyotumika mahali pa filamu, yalikuwa yanaona buluu tu, baadaye buluu na kijani. Nyekundu kwao ilikuwa giza. Ndiyo maana kwenye picha kongwe za Unguja mbingu ni karatasi nyeupe, hakuna wingu, na nguo nyekundu inatoka nyeusi. Tazama picha za wanawake za wakati ule: nguo tunayoiona nyeusi huenda ilikuwa nyekundu inayowaka, na hatuna njia ya kujua. Mabamba yanayoona rangi zote yalianza kuuzwa 1906 huko Uingereza. Wapiga picha wa zamani walizijua tabia za filamu zao kama mvuvi anavyozijua bamvua na mafu. Sisi sensa zetu hatujazijua hivyo.

---

Mdau (Fuoni)

Bei?

Mwenye uzi

Pentax ilipotoka 2023 ilikuwa dola 2,200 hivi Marekani, bila lenzi. Leica M11 Monochrom, ya mwaka huo huo, zaidi ya dola 9,000, nayo bila lenzi. Ongeza usafiri na ushuru. Na fikiria siku ya kuiuza: hapa Unguja wanunuzi wa monokromu unaweza kuwahesabu kwa vidole, ya rangi utaiuza wiki hiyo hiyo. Wapo mafundi ng'ambo wanaovua vifuniko vya rangi kwenye kamera ya kawaida ikawa monokromu. Sensa ikikwaruzwa basi tena, sishauri.

Kamera yoyote utakayonunua, tafuta boksi linalofunga vizuri na pakiti za kunyonya unyevu. Nimepoteza lenzi mbili kwa ukungu ulioota ndani ya kioo, na masika hapa hayachagui bei.

---

Mdau (Chukwani)

Mimi sina kamera, nina simu. Nisubiri?

Mwenye uzi

Usisubiri. Kama simu yako inaweza kuhifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo simu haijaipika), tumia hiyo, usitumie JPEG ya nyeusi na nyeupe iliyopikwa na simu. JPEG hiyo rangi zimeshatupwa, huna cha kuamua tena. Na faili ghafi, hata programu ya bure ya simu inakuruhusu kuipandisha au kuishusha kila rangi peke yake. Anza na kanga tatu za mama yako kivulini, asubuhi. Piga, zitoe rangi, kisha cheza na nyekundu peke yake mpaka uone ua linapozama na linapofunguka.

---

Mdau (Wete, Pemba)

Nimefanya hilo zoezi la kanga jioni hii kwa simu. Kisutu cha mama na kanga moja ya kijani yenye maandishi mekundu. Ile ya kijani nilipoitoa rangi jina likapotea kabisa, nikadhani simu mbovu. Nikashusha nyekundu, jina likarudi jeusi, linasomeka. Nikaipandisha, likarudi jeupe! Mama kasema jeupe ndilo zuri. Kisutu bado kinanishinda, kivulini kinazama kama ulivyosema na nikizidisha nyekundu kinaleta chenga.

Mwenye uzi

Mama yako ana jicho. Chenga hizo ni kwa sababu kivuli kilikuwa kizito mno. Kesho kitandike uwani karibu na mlango, mwanga uingie wa ubavuni, upige angavu zaidi kidogo bila kuunguza vile vidoa vyeupe. Kisha nitumie faili ghafi yenyewe, nitaihariri mara mbili nikurudishie zote.

Na mdau wa Kikwajuni, kesho baada ya alasiri napita kuchukua filta. Nakuja na kisutu.